Nchi Iliyoomba Radhi Mapema

Palikuwa na nchi moja ambayo jina lake silitaji, na si kwa kuwa nimelisahau. Kwenye ramani haimo. Mtu mmoja alijaribu kuichora, akaitwa aeleze kwa nini anataka watu waijue njia ya kufika, na tangu siku hiyo kazi ya kuchora ramani ilikosa mwombaji. Ilikuwa nchi nzuri, nasema hilo mapema kabisa, na serikali yake ilikuwa nzuri kuliko nchi yenyewe. Aliyesikia vingine amesikia kwa masikio yake, mimi simo.

Nchi hiyo ilichukia mateso. Katiba yao ilisema wazi kwamba hakuna mtu atakayeteswa, na maneno hayo yalichongwa kwenye jiwe jeupe mbele ya Jengo la Utulivu, ambako ndiko watu walikoteswa, ili kila anayeingizwa ayasome njiani na moyo wake utue. Rais wao aliitwa Mlezi wa Taifa kwa sababu hakuwaruhusu wakue. Yeye alitia saini kila mkataba wa dunia uliopinga ukatili. Mpaka mkataba wa kulinda kasa wa baharini alitia, na nchi haina bahari.

Basi asubuhi moja bomu likalipuka kwenye ofisi ya vitambulisho, watu wakiwa kwenye foleni. Hapa sitanii. Watu walikufa, na ndala zao zilibaki sakafuni zikiwa bado zimejipanga mstari. Waliotega bomu waliitwa Wasioonekana, maana hakuna aliyewahi kuwaona, na serikali ikaeleza kwamba hiyo ndiyo dalili kubwa ya ubaya wao.

Tangu siku hiyo nchi nzima ikashikwa na hofu. Mama akiacha kapu la ndizi kwenye kizingiti cha shoga yake, nyumba nzima huruka nje dirishani. Watu waliacha kubeba mabegi, wakawa wanatembea na nguo zao zote mwilini. Jiko la presha likipiga mluzi, mtaa mzima hulala chini. Wakaiambia serikali: fanyeni lolote, ila tulale usingizi. Na serikali, iliyokuwa ikilisubiri neno hilo kwa miaka mingi, ikakubali kwa masikitiko.

*

Tatizo likawa lile jiwe jeupe. Askari walikuwa na vyumba, walikuwa na vyombo, walikuwa na watu wa kuwauliza, lakini jiwe lilisema hapana. Kulivunja haikufaa, limegharimu. Ndipo akaitwa Profesa Kibwana Mtetele, mwanasheria ambaye alikuwa na tai kwa kila ibara ya katiba.

Profesa alitembea mbele ya baraza la mawaziri mikono nyuma, akauliza, je, daktari akikuchoma sindano, amekutesa? Mawaziri wakasema hapana. Ngariba je? Wakaangaliana, wakasema naye hapana. Akasema tofauti ni moja tu, ni radhi. Maumivu yenye radhi ni huduma. Maumivu yasiyo na radhi ndiyo mateso. Kwa hiyo, akasema, serikali haina haja ya kumtesa mtu hata mmoja, itamwomba tu radhi kabla ya kuanza.

Waziri mmoja mzee aliuliza kwa woga, je, mtu akikataa?

Profesa akacheka mpaka akavua miwani. Alimwambia Mheshimiwa awatazame watu wa nchi hii. Mtu wa hapa akiwa safarini, akienda hija, akihama mtaa, hupita kila mlango akisema, niwie radhi kama nilikukosea, na kila mlango humjibu, nimekuwia, nami niwie. Hakuna anayeuliza kosa lenyewe. Hata mwizi akikimbia na kuku wako akisema niwie radhi, mdomo wako utamjibu kabla miguu haijaanza kumfukuza. Kukataa radhi katika nchi hii, akasema, ni jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kuumbwa kwa wanadamu, na sheria haitungwi kwa ajili ya mambo yasiyotokea.

Sheria ya Radhi ikapita siku hiyohiyo. Baraza likapiga makofi, kisha mawaziri wakaombana radhi, wakaenda kula.

*

Nawaambia ilikwenda vizuri ajabu. Mtu akiletwa Jengo la Utulivu hasukumwi. Anaitwa mgeni. Anakalishwa kwenye kiti chenye mto, anapewa kahawa na tende, anaulizwa hali ya nyumbani. Kisha Afisa Mwulizaji anainama kidogo, mkono kifuani, anasema: ndugu yangu, kama nitakukosea kwa neno au kwa tendo, niwie radhi. Na mgeni, tende ikiwa bado mdomoni, anajibu nimekuwia, baba. Hapo tende inatolewa kwa heshima na mlango wa ndani unafunguliwa.

Wakaguzi wa mataifa walikuja na kofia zao za jua. Hawakuona mateso hata punje. Walimhoji fundi viatu mmoja aliyetoka humo akiwa hakumbuki jina la mkewe. Walipomuuliza kama aliteswa, akasema hapana, alishatoa radhi. Wakaguzi wakaandika kwamba wamevutiwa na utamaduni wa wenyeji.

Na kukiri je? Watu walikiri kuliko walivyoulizwa. Mmoja alikiri kuzamisha meli, na bahari, kama nilivyosema, hakuna. Mwingine alikiri kulipua Jumba la Posta ambalo lilikuwa limesimama zima na watu wanauziwa stempu ndani. Serikali ikafikiri, ikaona haiwezi kuwa na mkiri mwongo, jumba likabomolewa ili mambo yalingane.

Hodari wa hodari alikuwa Afisa Hemedi Songoro. Huyu alikuwa mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, na nyumbani hata mende hakuua, alimtoa nje kwa ufagio. Alisema kazi haimsumbui. Kila aliyepita mikononi mwake alikuwa amemwia radhi kwa kinywa chake, hivyo hana deni la mtu, si duniani wala mbele ya Mungu. Alilala fofofo. Wenzake walimwonea wivu kwa usingizi ule.

*

Sasa alikuwapo mpishi wa pilau za harusi, Pazi Mwinyihija. Kama hujala pilau ya Pazi, basi ulioa mahali pengine. Mtu mnene, mcheshi, na mwoga kupita woga wenyewe. Kuku alichinjiwa na jirani huku yeye amegeukia ukutani. Akijikata kidole kwa kitunguu, hukaa chini na kutaja majina ya marehemu wa kwao mmoja mmoja, kana kwamba anawaambia wamwandalie nafasi.

Harusi moja kubwa ilimwangukia, ya watu wa juu. Manispaa ilikuwa imepiga marufuku mkaa, basi Pazi akaenda kununua mitungi sita ya gesi kwa mpigo. Muuzaji alimtazama, akaitazama mitungi, akaomba kwenda chooni, akatokea kwa mlango wa nyuma.

Askari walimfuata Pazi adhuhuri, akiwa anachagua mchele na mkewe Zuwena. Walibisha hodi, wakavua viatu. Mmoja akamsifu Zuwena kwa usafi wa uwanja. Majirani wote, kila mmoja akiwa na sufuria yake nje, wakainama kuchungulia chakula ambacho hakikuwa na shida yoyote. Pazi aliinuka na ungo wa mchele mkononi, na mchele ukawa unamwagika wenyewe.

Zuwena akauliza atarudi lini. Wakamwambia, mama, ni mazungumzo tu.

*

Kwenye kile kiti chenye mto, Pazi alipewa tende. Akaishika tu. Afisa Songoro alimuuliza hali ya nyumbani, hali ya biashara, akamsifia pilau ya harusi ya binamu yake. Pazi akaanza kupata nafuu. Kidogo acheke.

Basi ukutani, upande wa pili, ikasikika sauti ya mtu akisema kwa adabu, nimekuwia, afande. Pazi aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Mzee Jumbe, mpiga zumari wa harusi, ambaye wamefanya naye kazi tangu ujana. Mlango ukafungwa. Kisha sauti ya Mzee Jumbe ikasikika tena, na safari hii haikuwa na maneno.

Afisa Songoro akakohoa kuipisha, akaweka mkono kifuani. "Ndugu yangu Pazi, kama nitakukosea kwa neno au kwa tendo, niwie radhi."

Mdomo wa Pazi ulifunguka wenyewe, kama ulivyofundishwa na mama yake. Jibu likafika kwenye ulimi likakwama. Akalimeza.

"Sikuwii," alisema.

Afisa Songoro akadhani hakusikia vizuri. Akarudia ombi, taratibu zaidi.

"Afande, naogopa," alisema Pazi, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Naogopa mno. Ningekuwa jasiri ningekuwia, Wallahi. Sasa mwoga kama mimi atasamehe vipi kitu ambacho bado kinamjia?"

Songoro akatoka nje, akafunga mlango, akasimama ukumbini. Hakuna aliyewahi kumfundisha kinachofuata. Akamwendea mkubwa wake, mkubwa akamwendea mkubwa wake, na jioni ile Jengo lote la Utulivu lilikuwa limesimama kwa ajili ya neno moja la mpishi.

Msidhani walishindwa kumshika kwa nguvu. Nguvu zilikuwapo. Lakini wakubwa waliogopa wakaguzi, ambao walikuwa wanarudi mwezi ule kuja kujifunza utamaduni. Profesa aliogopea sheria yake. Naye Songoro aliogopa kitu kingine. Usiku uliofuata hakulala. Alimwambia mkewe kwamba ni mara ya kwanza mtu kumnyima, na kwamba kifua chake kinamwasha pale mkono ulipokuwa.

*

Alianza kuletwa shehe wa serikali, akamhubiria Pazi fadhila za kusamehe kuanzia asubuhi mpaka sauti ikamkauka. Pazi alilia muda wote, akaitikia amina kila mahali panapostahili, na mwisho akasema, sikuwii. Akaletwa daktari wa roho, akasema mgonjwa ana kinyongo. Wakampa chakula kizuri. Akala, kwa hofu, akasema chumvi imezidi, kisha akaomba msamaha kwa kusema hivyo. Wakamwambia basi na yeye atoe. Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo Profesa Mtetele alipopata wazo, na wazo lenyewe lilimpendeza hata akabadilisha tai. Bibi harusi, alisema, haongei mwenyewe mbele ya kadhi. Anaye walii wake, baba au kaka, ndiye anayesema nimekubali kwa niaba yake. Kama uwalii unafaa kwenye furaha, kwa nini usifae kwenye uchunguzi? Sheria ikarekebishwa kwa mstari mmoja: radhi ya mgeni asiyeweza kuitoa kwa sababu ya woga, itatolewa na walii wake.

Wakaenda nyumbani kwa Pazi kama wanaokwenda kuposa. Nakwambia msafara mzima: mbele Profesa, nyuma maofisa wamevaa kanzu, wamebeba sinia lenye kanga doti mbili, halua na chupa ya marashi. Wakaketi mkekani. Wakasifu familia. Wakasema wamekuja kuomba jambo la heri. Zuwena alisikiliza, miguu ameikunja chini yake.

Aliomba kwanza akamwone mumewe. Wakamruhusu, dakika za kutosha kunywa chai.

Pazi alikuwa amepungua. Zuwena akamweleza mambo ya sinia, na uwalii, na kwamba wamemwahidi akisema neno hilo watakwenda na Pazi polepole.

"Na ukikataa?" aliuliza Pazi.

"Hawakusema. Walitazama tu nyumba, chumba hadi chumba."

Pazi akapima hofu yake na ya mkewe, ipi nzito. "Sema basi, Zuwena. Wasije wakakuchukua na wewe."

"Unataka niseme?"

"Sitaki," alisema kwa sauti ndogo kabisa. "Ila sema."

Zuwena alirudi kwenye mkeka, akawatazama wale maofisa wa kanzu. Akawaambia kwamba yeye ni mke, na katika kitabu chochote walichosoma, mke hajawahi kuwa walii wa mumewe. Kama wanayo aya, wamwonyeshe. Kisha akawarudishia sinia, na marashi. Chupa ikawa inagonga sinia kama kengele, lakini alirudisha.

Profesa alikiri njiani kwamba yule mama ana hoja.

Wakaenda kwa kaka yake Pazi. Kaka akasema wanafanana majina tu. Wakaenda kwa baba mdogo, akasema yeye ni mpangaji, hata sura ya ukoo ule haijui, na huku picha yake akiwa amempakata Pazi ipo ukutani nyuma yake. Wengine walikataa kwa huruma, wengi kwa woga, na siku chache tu Pazi Mwinyihija, ambaye harusini kwake walikuja ndugu mpaka wa mikoani, akawa hana ndugu duniani. Kila mmoja alidhani anamwokoa, au anajiokoa.

Kumbe walikuwa wanamkabidhi. Maana mwanamke asiye na walii huozeshwa na nani? Profesa alilisema hilo kwenye redio kwa sauti ya baba: huozeshwa na mamlaka. Serikali ndiyo walii wa asiye na walii.

*

Sherehe ilifanyika asubuhi, ukumbi umepambwa. Wakaguzi wa mataifa walikaa mstari wa mbele na vitabu vyao. Afisa Songoro akasimama, mkono kifuani, akaiomba serikali imwie radhi kwa yote atakayomkosea Pazi Mwinyihija. Profesa Mtetele, kwa niaba ya serikali, akafikiri kwa muda wa heshima, akajibu: "Tumekuwia." Bendi ikapiga. Mkaguzi mmoja alifuta chozi.

Mchana ule Songoro na Pazi waliachwa wawili, na mlango wa ndani uko wazi.

"Umesikia kwenye spika," alisema Songoro. "Imetoka."

"Nimesikia, afande."

"Basi mwenzangu, nimalizie na wewe. Mimi na wewe tu. Sheria haitaki tena, nataka mimi." Sauti ile ya kubembeleza ilikuwa imepasuka katikati. "Niwie radhi."

Pazi aliutazama ule mlango. Akasema, "Sikuwii."

Songoro akamwongoza hadi mlango wa ndani. Halafu akafanya kazi yake.

Nitakachosema ni kwamba Pazi alikiri. Alikiri mitungi, alikiri ofisi ya vitambulisho, na alipotakiwa kutaja wenzake akataja watu wote aliowahi kuwapikia: bwana harusi, bibi harusi, kungwi wake, wapiga ngoma, mpaka mgeni aliyeomba ukoko. Serikali ikakamata harusi nzima nzima. Na askari wote wakiwa katika kukamata maharusi, bomu la pili likalipuka kwenye zahanati, mahali ambapo hapakuwa na mlinzi hata mmoja. Watu wakafa tena. Mlezi wa Taifa akahutubia kwa huzuni kwamba ni dhahiri radhi zilizotolewa hazitoshi, kisha akatoa moja kubwa kwa niaba ya raia wote kwa pamoja, waliopo na watakaozaliwa. Hiyo haikuhitaji bendi.

*

Pazi walimrudisha. Wale wa harusi wengine walirudi, wengine bado. Mzee Jumbe hakurudi.

Vidole vya mkono wa kulia wa Pazi havikunjiki. Zuwena humfungia mwiko kwenye kiganja kwa kitambaa, naye hupika vyungu vidogo, vya hitima mara nyingi, maana harusi watu wanaogopa kufanya. Mtaa haumsemeshi sana. Si kwa kumchukia. Kila mmoja anajua Pazi alikataliwa na ndugu zake wote, na kila mmoja ana ndugu.

Afisa Songoro alianza kuja siku za Ijumaa, baada ya sala. Mara ya kwanza alipotokea pembeni ya nyumba, watu waliacha sufuria motoni wakaingia ndani. Hakuja na wenzake. Alikuja amevaa kanzu, amekonda, macho mekundu ya mtu asiyelala. Akavua viatu, akaketi ukingoni mwa baraza. Zuwena alisimama mlangoni na hakumkaribisha, wala hakuthubutu kumfukuza.

Kila alipokuja alisema neno moja, niwie, na Pazi alijibu neno moja, sikuwii, kisha Songoro akavaa viatu akaondoka. Wiki kwa wiki. Watu wa dirishani walianza kulizoea, kama mtu anavyozoea mbwa mkali anayepita.

Ijumaa moja hakuondoka. Alikaa anautazama ule mkono uliofungwa mwiko, ukikoroga.

"Yamekwisha, Pazi. Hayarudi yale. Sasa unaogopa nini, na mimi ndiye ninayeomba?"

Pazi alikoroga kwanza. Akafunika chungu. 

"Afande, katika nchi hii radhi inaombwa kabla," alisema. "Naogopa nikikuwia, utaanza."

  Zuwena alingoja, na madirishani watu wakangoja, Afisa Songoro asikike akisema kwamba hataanza. Yeye akavuta viatu vyake karibu, akakaa navyo mkononi, asivae, asiseme.